Kwa nini mabakuli ya chai ya Hagi hukatwa pengo kwenye kitako?

#1 Msomaji wa Upanga

Wakuu, salaam. Nina swali ambalo kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mabakuli ya chai ya Hagi, yanayotengenezwa katika mji wa Hagi, mkoani Yamaguchi, magharibi mwa Japani, mengi yake yana pengo lililokatwa kwenye duara la kitako. Si ufa, wala si ajali ya jokoni. Ukiligeuza bakuli unaona kabisa kwamba mkono wa mfinyanzi umepita hapo na kisu.

Hadithi inayosimuliwa zaidi ni hii. Zama za mabwana, joko la Hagi lilikuwa mali ya ukoo wa Mori uliotawala eneo hilo, na vyombo vyake vilikuwa vya bwana pamoja na wale aliopenda kuwatunuku. Mkulima au mchuuzi hakuruhusiwa kuvigusa. Wafinyanzi wakatafuta upenyo: walikata kitako, bakuli likahesabiwa bovu, na kwa kuwa chombo kibovu hakimfai bwana, raia akaweza kukinunua bila kuvunja amri.

Hadithi ni tamu mno, na utamu wake ndio unaonitia shaka. Mwenye maelezo mengine ayalete, na tujadiliane kwa hoja.

#2 Kaka wa Yamaguchi

Shukrani kwa uzi. Mimi nasoma huku Yamaguchi, na hadithi hiyo iko katika maduka mengi ya Hagi. Wauzaji wanaipenda kwa sababu inauza: mtalii anaondoka na bakuli pamoja na kisa cha mnyonge aliyemzidi bwana ujanja. Lakini tuweke kwanza historia mahali pake, maana ubishi usio na tarehe hauna mwisho.

Mori Terumoto alikuwa miongoni mwa mabwana wakubwa wa magharibi ya Japani hadi vita vya Sekigahara vya mwaka 1600. Upande wake ulishindwa, mshindi Tokugawa Ieyasu akamnyang'anya sehemu kubwa ya ardhi yake, akabakiwa na majimbo mawili tu, Suo na Nagato. Mwaka 1604 akahamia Hagi, mji wa pwani uliokuwa pembezoni, akajenga ngome yake hapo. Wafinyanzi wawili kutoka Korea, Yi Jak-gwang na mdogo wake Yi Gyeong, wakawekwa Matsumoto, kandokando ya mji, na hapo ndipo ufinyanzi wa Hagi ulipoanzia. Mwaka 1625 yule mdogo alitunukiwa jina la Koraizaemon, ambalo limerithiwa katika ukoo wa Saka kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1657 tawi jingine la mafundi lilifungua joko lake Fukawa, ambako leo ni ndani ya mji wa Nagato.

Kwa hiyo ni kweli kwamba joko lilikuwa la bwana. Hapo hadithi haina tatizo. Tatizo linaanza inapofika kwenye kisu.

#3 Fundi Udongo

Mimi ni mfinyanzi hapa Kisarawe na nitazungumza kwa upande wa moto. Bakuli likisimama kwenye rafu ya joko, duara la kitako linafungia hewa chini yake. Joto linapopanda hewa hiyo inatanuka, na kama kitako kimezama kwenye mchanga wa rafu, au kimegandishwa na glezi iliyochuruzika (nikisema glezi ninakusudia ule utando wa kioo unaoufunika udongo), basi hewa haina pa kutokea. Pengo moja linatosha kuipitisha. Hata kabla ya moto, wakati wa kuanika, ndani ya duara la kitako unyevu huchelewa kutoka kuliko kwenye kuta, na sehemu inayochelewa kukauka ndiyo inayopasuka baadaye.

Kwa maelezo haya sihitaji bwana wala mkulima.

#4 Mama Ntilie Mkuu

Naona mfinyanzi akiulizwa historia anajibu kwa moto, na mwanafunzi akiulizwa kisu anajibu kwa vita. Endeleeni, mimi nimekaa mkao wa kula.

#5 Mwalimu Mstaafu, Korogwe

Ndugu zangu, nina masahihisho na pingamizi.

Sahihisho linahusu #2. Wale ndugu wawili hawakutoka Korea na kushukia Hagi moja kwa moja. Waliletwa Japani kutokana na uvamizi wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, nchini Korea, wa miaka ya 1592 hadi 1598, wakati makao ya Terumoto yalipokuwa bado Hiroshima. Walihamia Hagi pamoja na bwana wao baada ya kushindwa kule Sekigahara. Na neno "waliletwa" lisomwe kwa uzito wake. Majeshi ya Hideyoshi yalirudi na mafundi wengi wa udongo, kiasi kwamba wapo wanaoviita vita vile Vita vya Vyungu. Yi Sam-pyeong, anayeheshimiwa kwa kuanzisha kaure za Arita, na ukoo wa Shim wa Satsuma, wote walifika Japani kwa mkondo huohuo.

Pingamizi la kwanza ni kwa Fundi Udongo. Sahani ya kawaida nyumbani kwako ina duara la kitako lisilo na pengo hata kidogo, na imechomwa salama. Hagi kwenyewe mabakuli yasiyo na pengo yamechomwa joko moja na yale yenye pengo. Kama hewa ya chini ingekuwa hatari kiasi hicho, yasiyo na pengo yangeliangamia yote.

La pili ni kwa hadithi yenyewe. Inatutaka tuamini kwamba maofisa wa Mori, waliosimamia joko, udongo na kuni, walidanganyika kwa mkato ambao hata mtoto angeuona. Tena mkulima wa Nagato alikuwa na haja gani na bakuli la matcha? Unga ule wa chai ulikuwa kitu cha ghali, na kuupekecha kwa kipekecho cha mwanzi mbele ya wageni kulikuwa shughuli ya mahekalu, mashujaa wa upanga na wafanyabiashara wenye nafasi.

#6 Kijana wa Busan

Mwalimu shikamoo, na umeligusa jambo ambalo watu huku Korea wanataka litajwe kabla ya chai kumiminwa. Mimi niko Busan kikazi.

Nadhani tunatafuta Hagi kitu ambacho Hagi ilikipokea tu. Mabakuli yenye kitako kilichokatwa yalikuwepo Korea, na mabingwa wa chai wa Japani waliyapenda na kuyakusanya kabla joko la Hagi halijawashwa. Wajapani wana majina mawili: *kiri-kodai* kwa kitako kilichochongwa mkato, na *wari-kodai* kwa kitako kilichopasuliwa zaidi, pengine kwa mikato miwili inayokutana katikati na kuacha vipande vinne. Hivyo ndugu wa Yi walikuja na mkono uliokwisha kuzoea.

Sasa kwa nini Wakorea walikata? Maelezo ninayoyasikia ni mawili. Moja ni la kamba: mabakuli yalipangwa moja ndani ya jingine, yakafungwa kwa kamba ya mabua ya mpunga ili yabebwe sokoni, na kamba ikikaa kwenye pengo haitelezi. La pili ni kwamba vitako vilivyopasuliwa vilitokana na vyombo vya ibada, vyenye miguu mirefu iliyotobolewa, na wafinyanzi wakauhamishia mtindo ule kwenye mabakuli.

#7 Fundi Udongo

Kijana wa Busan, hili la kamba nalitilia shaka. Kamba ya mabua ni nene. Ili ikae, pengo linahitaji kuwa pana na lenye kina, na picha nyingi ninazoziona zina mkato mwembamba unaotosha ncha ya kidole cha mwisho. Pia ukifunga rundo zima, kamba inashika kitako cha bakuli la mwisho peke yake, kwa kuwa vitako vingine vimo ndani ya mabakuli yaliyo chini yake. Kwa nini basi ukate yote?

Mwalimu, kuhusu sahani: sahani za kiwandani hukaa juu ya rafu iliyonyooka, kwa udongo uliochujwa na moto unaopimwa. Joko la Hagi ni la vyumba vinavyopanda mlima, linalishwa kuni za msonobari, na moto unaingia chumba cha chini kabla ya kupanda cha juu. Humo ndani hakuna kilichonyooka. Sikusema kwamba bakuli lisilo na pengo linapasuka. Nilisema lenye pengo lina nafasi nzuri zaidi, na fundi anayeishi kwa alichokitoa jokoni huchukua kila nafasi.

#8 Dada wa Nyali

Samahani kwa kukatiza, lakini huenda mmenisaidia bila kujua. Nina bakuli la Hagi nililopewa na mgeni tuliyempokea kazini. Nikalitumia kama kikombe chochote: nikamimina chai ya maziwa, nikaliacha mezani nikiongea na simu. Niliporudi kitambaa cha meza kilikuwa kimelowa duara zima. Halina ufa ninaouona kwa macho, na lina hilo pengo lenu. Je, linavujia hapo? Nililipigia simu duka moja la vyombo mjini, wakaniambia nimeuziwa feki, nami sikuuziwa chochote.

#9 Kaka wa Yamaguchi

Dada, pengo halina hatia, kwa kuwa liko kwenye duara la kitako, chini ya sakafu ya bakuli, na chai haifiki huko. Bakuli lako linavuja kwa sababu ni Hagi.

Udongo wa msingi unaitwa Daido, mweupe wenye mchanga mwingi, unaochimbwa upande wa Hofu, kusini ya mkoa. Huchanganywa na udongo wa Mitake, unaosaidia kustahimili moto, na mara nyingine na udongo mwekundu wenye chuma kutoka kisiwa cha Mishima, kaskazini magharibi ya Hagi baharini. Mchanganyiko huu ukichomwa kwenye nyuzi zipatazo 1200 haufungi kabisa. Unakuwa mgumu kiasi cha kudumu karne nyingi, ila ndani umebaki na vitundu. Wapenda chai wanautaka uwe hivyo, kwa sababu ukuta wenye vitundu haupitishi joto haraka, kwa hiyo chai haipoi upesi na viganja haviungui.

Juu yake kuna glezi ya majivu ya kuni, au nyeupe ya majivu ya mabua ya mpunga. Bakuli linapopoa, glezi inasinyaa kuliko udongo ulio chini yake, inakatikakatika na kufanya mtandao wa nyufa nyembamba. Chai hupenya humo, ikafika kwenye udongo, ikaacha rangi. Bakuli lililokuwa la rangi ya krimu linakuwa la waridi iliyofifia, kisha la kahawia, madoa yakijitokeza pasipotarajiwa. Wenyeji wanaita mabadiliko saba ya Hagi, na wapo wanaonunua bakuli jipya kwa ajili ya kulisubiri.

Sasa maziwa, dada yangu, usirudie. Mafuta yake yanaingia kwenye zile nyufa na kuoza humo. Loweka bakuli kwenye maji safi ya uvuguvugu kabla ya kila matumizi, ili vitundu vijae maji kabla ya chai. Suuza bila sabuni, kisha liache wazi likauke kwa siku kadhaa kabla ya kulirudisha kwenye sanduku lake, la sivyo litaota ukungu. Kuvuja kutapungua kadiri unavyolitumia.

#10 Mpenzi wa Raku

Kuna msemo wa watu wa chai kuhusu vyombo vya udongo vya Japani: Raku kwanza, Hagi ya pili, Karatsu ya tatu. Zote tatu ni kitu kimoja, udongo uleule mgumu wa moto mkali, zote kazi ya Wakorea waliotekwa, na Raku ikawa juu kwa sababu ya ubora. Sioni kwa nini tujadili namba mbili wakati namba moja ipo.

#11 Mwalimu Mstaafu, Korogwe

Msemo upo, na upo mwingine unaoipa nafasi ya kwanza Ido, aina ya mabakuli ya Korea, kisha Raku, kisha Karatsu, na humo Hagi haimo kabisa. Kwa hiyo tusiufanye msahafu.

Raku haiwezi kuwa kazi ya mateka wa vita vya 1592. Inaanzia Kyoto kwa Chojiro, aliyefinyanga kwa maelekezo ya bingwa wa chai Sen no Rikyu, na Rikyu alifariki mwaka 1591. Haifinyangwi kwenye gurudumu, huinuliwa kwa mikono na kuchongwa kwa kisu, ilhali mafundi wa Hagi walikuja na gurudumu la kusukumwa kwa mguu. Raku nyeusi hutolewa jokoni kwa koleo ikiwa bado nyekundu kwa moto, na udongo wake hubaki laini. Majoko ya Karatsu nayo, huko Kyushu, yalianza kazi kabla ya vita, ingawa wafinyanzi walioletwa baadaye waliyakuza sana. Kilichoziunganisha hizo tatu ni meza ya chai. Udongo na moto vinatofautiana.

#12 Mpenzi wa Raku

Mwalimu, hata hivyo bado ni namba moja.

#13 Dada wa Nyali

Asante Kaka, limelowekwa. Nilipokuwa nikilisuuza niliangalia kitako kwa lenzi ya mume wangu ya saa, nanyi wataalamu mniambie ninachokiona.

Pengo liko moja, lenye umbo la pembetatu iliyopinduliwa, upana wake kama kucha ya kidole changu cha mwisho. Kingo zake si kali. Upande mmoja udongo umesukumwa nje kidogo ukafanya ukosi mdogo, kama ule unaobaki ukikata siagi baridi, na chembe moja ya mchanga mweupe imeburutwa na kisu, ikaacha mfereji nyuma yake. Glezi inaishia juu ya kitako bila kufuata mstari. Mahali pawili imeteremka ikaganda kwa tone nene la kijani hafifu, na tone moja limeingia ndani ya pengo lenyewe. Halafu kuna mabaka matatu yasiyo na glezi, mawili pamoja na moja upande wa pili, na vidole vyangu vinaingia hapo sawasawa.

#14 Fundi Udongo

Dada, umetufanyia kazi kubwa. Ukosi huo na mfereji wa chembe ya mchanga vinasema mkato ulifanywa udongo ukiwa umekauka nusu, baada ya kitako kuchongwa kwenye gurudumu. Tone lililoingia ndani linasema pengo lilikuwepo kabla ya glezi. Kwa hiyo si bakuli zima lililoharibiwa baadaye ili lipite mbele ya ofisa.

Na mabaka matatu ni alama za vidole vya mtu aliyelishika bakuli kwa kitako akilizamisha kwenye ndoo ya glezi. Hapo napata maelezo mengine. Bakuli lililolowa glezi linateleza, na kitako cha Hagi mara nyingi ni kifupi. Ukiwa na pengo, kidole kimoja kinapata pa kung'ang'ania, nawe unaweza kulizamisha na kuligeuza kwa mkono mmoja. Vyungu vyangu vikubwa nimeviwekea kishikio chini kwa sababu hiyohiyo.

#15 Kaka wa Yamaguchi

Fundi, sasa una maelezo matatu peke yako: hewa, kukauka na kushika. Chagua mke mmoja.

Hoja ya ukosi naikubali, lakini haiiui hadithi ya bwana, kwa sababu hadithi inasema wafinyanzi walilikata bakuli tangu mwanzo ili lizaliwe na kasoro. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni muda wake. Mabwana walipoondolewa madaraka na majimbo yao kuvunjwa mwaka 1871, majoko ya Hagi yalipoteza mlipaji wao kwa mara ya kwanza, ikabidi wafinyanzi wamtafute mnunuzi wa kawaida. Ninashuku, na hii ni dhana yangu tu, kwamba kisa cha bakuli lililokatwa kwa ajili ya raia kinamfaa sana muuzaji wa baada ya 1871 kuliko fundi wa kabla yake. Kinamwambia mteja kwamba chombo hiki kilikuwa kinakungojea wewe siku zote.

#16 Mwalimu Mstaafu, Korogwe

Dhana hiyo ina nguvu kuliko ulivyoipa. Hata hivyo naomba nirudi kwa Kijana wa Busan. Bakuli la Korea lililo maarufu kuliko yote Japani ni Ido linaloitwa Kizaemon, Hazina ya Taifa, linalotunzwa Koho-an, ndani ya hekalu la Daitoku-ji, Kyoto. Kitako chake ni kirefu, kimezungukwa na matone ya glezi iliyojikunja, na hakina pengo. Ndani ya mabakuli ya aina hiyo hukutwa makovu ya vigingi vya udongo, kuthibitisha kwamba yalichomwa yamepangwa moja ndani ya jingine. Kwa hiyo upangaji ulikuwepo bila pengo, nasi tukisema Wakorea walikata, tuseme ni baadhi ya vyombo, tena vichache.

#17 Kijana wa Busan

Nakubali ni vichache, na uchache wenyewe unanisaidia. Kama pengo lingekuwa la kamba au la hewa, lingekuwa kwenye vyombo vya kila siku. Kuwa kwake adimu kunaelekea upande wa vyombo vya ibada au vya kuagizwa. Pengine Wajapani wenyewe waliagiza Korea mabakuli ya namna hiyo, maana ilifika wakati walikuwa wakipeleka vielelezo na kuchomewa kule. Yaani mkono ulikuwa wa Mkorea, jicho la Mjapani.

#18 Bi Chai

Wapendwa, nimejifunza utaratibu wa chai kwa mama mmoja wa Kijapani, nanyi mmesahau mnywaji. Mgeni akimaliza chai haliachi bakuli hivihivi. Analiweka mbele yake, anainama viwiko vikiwa karibu na mkeka ili likimponyoka lisianguke mbali, analigeuza na kuangalia kitako. Kitako ndipo mahali ambapo udongo uko uchi, na mwenye jicho anasoma humo mkono wa fundi, joko na umri. Kwa hiyo mfinyanzi alijua kwamba chini ya bakuli lake patakaguliwa kuliko juu. Mkato mmoja, wa ghafla, usiorekebishwa, ni kama sahihi yake. Uzuri unatosha kuwa sababu.

Tazameni mfinyanzi wa Hagi Miwa Jusetsu, aliyeishi kutoka 1910 hadi 2012 na kutangazwa Hazina Hai ya Taifa mwaka 1983, baada ya kaka yake Kyuwa aliyeipata heshima hiyo 1970. Mabakuli yake ya Oni-Hagi, ya udongo wenye changarawe nzito na glezi nyeupe nene iliyopasukapasuka, yana vitako vikubwa vilivyopasuliwa kwa nguvu. Hapakuwa na bwana wa kumkwepa wala kamba ya kufunga.

#19 Fundi Udongo

Bi Chai, huyo alikuwa anaendeleza desturi aliyoikuta. Swali letu ni nani aliyeianza na kwa nini. Leo ninaweza kukata kwa uzuri kitu ambacho babu alikikata kwa sababu ya tumbo.

#20 Bi Chai

Na mimi nakuuliza, ni nani aliyekuambia babu hakuwa na macho?

#21 Mama Ntilie Mkuu

Hapo fundi ametulia kidogo. Mimi nina swali la pwani: yale mabakuli yaliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi hayawezi kuwa ya Hagi?

#22 Mwalimu Mstaafu, Korogwe

Hapana, mama. Yale ni ya Kichina, yaliyokuja kwa biashara ya bahari. Hagi ilifanya kazi kwa ajili ya bwana wake na watu wa chai wa Japani, na bakuli linalovuja si bidhaa ya kumpelekea mteja ng'ambo ya bahari mbili.

#23 Msomaji wa Upanga

Shukrani kwenu wote. Nimejaribu kuyapanga majibu na yamekataa kupangika. La bwana limebaki na Kaka peke yake, naye anasema ni la baada ya 1871. La kamba limejeruhiwa. La hewa, kukauka na kushika ni ya mtu mmoja anayebadilisha kila akibanwa. La ibada halijapata mpinzani, ingawa halijapata shahidi pia. La Bi Chai haliwezi kupingwa, jambo ambalo kwangu ni kasoro.

Naongeza jingine nililosomewa na muuzaji mmoja kwa simu: bakuli likisuuzwa na kufunikwa kifudifudi, maji hutuama ndani ya duara la kitako, na pengo linayatoa. Vikombe vya kisasa vya mashine ya kuoshea vyombo vimekatwa kitako kwa sababu hiyo.

#24 Kaka wa Yamaguchi

Maelezo hayo ni mazuri kwa kikombe cha mashine. Bakuli la chai likishasuuzwa hufutwa kwa kitambaa, ndani na nje, tena ni sehemu ya utaratibu.

#25 Dada wa Nyali

Langu nikilifunika kifudifudi maji yanatoka kwenye pengo na yanatoka vizuri. Nasema nilichokiona, sitetei upande.

#26 Fundi Udongo

Kwa kuwa nimetuhumiwa kubadilisha wake, nitafanya hivi. Moto wangu ujao nitaweka mabakuli ya udongo mmoja na ukubwa mmoja, nusu nimeyakata kitako na nusu sikuyakata, yote juu ya mchanga. Yakitoka nitawawekea picha, yaliyopasuka na yaliyopona.

#27 Mwalimu Mstaafu, Korogwe

Jaribio jema, ila joko lako haligusi nyuzi 1200, na udongo wa Kisarawe si wa Daido. Litatuambia habari za Kisarawe.

#28 Fundi Udongo

Habari za Kisarawe nazo ni habari, Mwalimu. Yaliyokatwa nitayauza ghali zaidi na nitayatungia kisa. Kinachonikwamisha ni ile glezi nyeupe. Nahitaji majivu ya mabua ya mpunga, mabua yenyewe, si pumba, yaliyochomwa sehemu safi bila udongo. Mwenye ndugu Mbarali au bonde la Ruvu anijulishe bei ya gunia kabla hawajachoma mashamba.

#29 Mama Ntilie Mkuu

Shemeji yangu analima Ruvu. Majivu atakupa bure, usafiri juu yako, na bakuli moja lisilovuja ni langu.